Fundi wa Sailensi wa Nyololo

Ukifika kwake na gari bovu na haraka zako, ulikuwa umejitafutia adhabu. Fundi hakufungua boneti kabla ya salamu, na salamu zake hazikuwa zile za mjini za kupungiana mkono. Alikuja polepole, akijifuta vidole kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko vidole vyenyewe, akakuambia "Kamwene." Ukiitikia, umeingia. Nyumbani hawajambo? Watoto je? Mahindi yametoka? Ng'ombe wanaendeleaje? Mvua ya huko kwenu imeanza? Na wewe uliyetoka Mbeya alfajiri na viazi vinavyosubiriwa Iringa ulilazimika kumjibu yote, huku gari lako likitetemeka pembeni kwa sababu alikuwa amekukataza kulizima.

"Acha iseme," alikuambia. "Usizime. Na yenyewe ina salamu zake."

Madereva walimwona mzee mwenye adabu za kupitiliza. Wengine walimsema kwamba anapoteza muda. Mimi nilikaa jirani naye muda mrefu kabla sijagundua kuwa salamu zile zilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Habari za watoto alikuuliza akiwa amesimama upande wa kabureta. Ukifika kwenye ng'ombe, alikuwa ameshasogea kwenye ekzosi. Ukimaliza kueleza mvua ya kwenu, yeye alishajua gari linaumwa wapi, na kilichobaki ni kukunja mikono ya shati.

Nilikuwa nesi katika zahanati ndogo iliyotazamana na gereji yake, ng'ambo ya barabara kuu iendayo Zambia. Nasema gereji kwa heshima tu. Ilikuwa mabati juu ya nguzo, benchi, shimo la kuingilia chini ya gari, na ukungu wa Mufindi uliokuja na kuondoka upendavyo. Asubuhi za Juni usingeona lori lililosimama mbele yako, ila ungemsikia Fundi akikohoa, maana baridi ile ilimpata kifua kila mwaka na hakuna dawa yangu aliyokubali kuinywa hadi mwisho wa chupa.

Umaarufu wake ulikuwa kwenye sailensi. Ndivyo mafundi wetu wanavyoita ule mngurumo wa gari lililowashwa na kusimama tu, bila mtu kukanyaga mafuta. Gari lenye afya hutulia hapo. Gari linalovuta upepo mahali pasipotakiwa hutetemeka, hupanda na kushuka, hujifia kwenye makutano ya barabara na kumwaibisha mwenyewe mbele za watu. Kuvuja huko hakuonekani kirahisi, kwa sababu hakuna kinachodondoka chini. Mafuta yakivuja utaona doa. Upepo ukiingia kupitia gasketi iliyochoka au mpira uliopasuka, utasikia mluzi mdogo tu, na mluzi huo uko chini ya kelele za injini nzima.

Yeye aliusikia. Alikuwa na kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine anaipitisha taratibu kwenye maungio, macho kayafumba. Mimi nina kifaa cha kusikilizia vifua vya watu, kimetoka Ulaya, na nakiri kwamba nilimwonea wivu na mpira wake. Akishashuku mahali, alichukua unyoya wa jogoo, akauchovya kwenye maji ya sabuni na kupaka pale. Povu likizama ndani na injini ikatulia kwa kitambo kidogo, basi. "Umeona? Imepata plasta, imenyamaza."

Alikuwa Mlutheri wa kweli, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, na ulanzi, ile pombe ya mianzi, aliupenda. Kipindi cha masika, mianzi ikitoa vizuri, Jumapili yake ilikuwa na sehemu mbili, na ya pili hakutaka mchungaji aihudhurie. Gari la silinda nne alilieleza kwa lugha ya kwaya. "Hii soprano na alto wako sawa, tenori ndiye amechelewa ibada." Dereva Mwislamu kutoka Pwani aliyeambiwa hivyo kuhusu lori lake alinijia zahanati kuuliza kama mzee huyu hana malaria ya kichwani.

Na alikuwa na mambo ya ajabu yasiyopatana. Mtu aliyefufua magari ya nusu ya mkoa hakuwahi kumiliki hata moja, na kupanda aliogopa. Akilazimika kwenda Mafinga, alikaa kando ya dereva na kushika dashibodi kwa mikono yote miwili. Alitukana magari lakini hakutukana watu. Wateja aliwahurumia, ila fundi mwenzake aliyekosea hakumsamehe.

Kosa lenyewe lilikuwa moja, na kila aliyeishi kando ya barabara ile analijua. Gari likitoka chini, likipanda Kitonga na kuja kwenye baridi na hewa nyepesi ya kwetu, linabadilika tabia. Dereva analalamika, fundi wa kwanza anashika bisibisi na kuzungusha skrubu ya kabureta. Sailensi inapanda, gari halizimi tena, dereva anaondoka amefurahi. Akifika mbele lina shida nyingine, fundi wa pili anazungusha tena. Likifika Nyololo limezungushwa na mafundi wote wa njiani, na mpira uliopasuka bado umepasuka.

"Hiyo siyo kutengeneza," alisema Fundi, na hapo sauti yake ilipanda. "Hiyo ni kumfunika mgonjwa blanketi ili watu wasione anatetemeka."

Mwanzoni mwa miaka ya sabini malori mapya yalianza kupita yakiwa na kitu kilichoitwa tabo, kidude cha chuma kama konokono kinachosukumia injini hewa kwa nguvu. Yalipanda milima yakipiga mluzi. Mafundi wengi waliyakwepa. Fundi alivuka barabara na kusimama kwenye mlango wa zahanati yangu ili ayasikilize yakija kutoka mbali, akizuia mlango kwa mgongo, na wagonjwa wakipita chini ya kwapa lake. Siku moja alinieleza kwa furaha ya mtu aliyepata mjukuu: "Nesi, injini ya kawaida inavuta tu. Ikiwa na tundu, inaficha. Lakini hii ya tabo ukiikanyaga inapuliza! Tundu lile lile linalovuta ikitulia, ndilo linalopiga kelele ikipanda mlima. Haina siri hii."

Nilimwambia nina mtoto anayeharisha ndani, aondoke mlangoni.

Kwa mkewe, nilichokifahamu kwanza ni sauti yake. Aliuza chai na maandazi pembeni ya gereji, na akiita "Chai ya moto!" ilivuka barabara, ikapita ukungu, ikamwamsha dereva aliyelala ndani ya kabini. Akicheka, wanawake kisimani walicheka kabla hawajajua wanachekea nini. Alimfokea Fundi kutwa nzima: kofia, kikohozi, ulanzi, shati jeupe la kanisani alilolifutia plagi. Na yeye alifokewa huku anatabasamu, kichwa kakiinamisha upande, namna ileile alivyosikiliza injini.

Sijui ilianza lini. Nikikumbuka sasa naona dalili zilikuwepo, ila kila moja ilikuwa na maelezo yake. Kwenye kwaya alianza kuchelewa kuingia, tukasema ni uzee. Kisha mkewe, ambaye aliimba alto, akahama nafasi yake na kusimama mbele ya besi, na nikaona bega lake likitikisika kila besi walipotakiwa kuanza. Tukasema ana mbwembwe. Landrova ya zahanati ilipoanza kutetemeka, Fundi aliishughulikia mchana mzima akaturudishia, na dereva wetu akalalamika kwamba sailensi iko juu mno, na breki zimekuwa nzito. Nilichungulia chini ya boneti bila kujua natafuta nini. Kichwa cha skrubu ya kabureta kilikuwa king'avu, kimetoka kuguswa na bisibisi. Nikashangaa kidogo, nikafunga boneti, nikarudi kwa wagonjwa.

Iliyotufumbua macho ilikuwa salamu.

Kulikuwa na Msukuma mmoja, mtu mrefu mpole, ambaye ukoo wake ulikuwa umehamia na ng'ombe wao bonde la Usangu. Aliendesha lori la mpunga na alimpenda sana Fundi. Siku hiyo alisimamisha lori, akashuka akiwa ameliacha linanguruma, kama ilivyotakiwa. Nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi na kikombe cha chai.

"Kamwene," akasema Fundi.

"Kamwene, mzee."

"Nyumbani hawajambo?"

"Nyumbani siyo kuzuri, mzee wangu. Mama ametutoka. Tumezika juzi."

"Ee, tunamshukuru Mungu. Na ng'ombe wako salama?"

Yule kijana akamtazama. Mimi nikashusha kikombe. Fundi alikuwa na tabasamu lake lile la siku zote, kichwa upande, akisubiri jibu la ng'ombe. Aliposubiri na hakuna kilichofuata, tabasamu likabaki usoni bila kujua liende wapi.

Mkewe aliacha birika akaja mbio. Akamshika bega, akamgeuza na kumwambia sikioni kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo: "Amefiwa! Amefiwa na mama yake!"

Fundi akavua kofia. Nimewaona watu wengi wakipokea habari mbaya, ndiyo kazi yangu, lakini uso ule sijauona tena. Aliushika mkono wa yule Msukuma kwa mikono yake yote miwili, na mafuta yake yote. Kijana akamwambia, "Hapana neno, baba. Hapana neno," naye hilo pia hakulisikia.

Basi ndivyo alivyokuwa ameishi. Salamu za kwetu zina majibu yanayojulikana. Watoto hawajambo, ng'ombe wapo, mvua tunasubiri, tunamshukuru Mungu. Kiziwi anaweza kusalimiana na wilaya nzima mwaka mzima na asigundulike, ili mradi hakuna mtu anayefiwa. Na injini, ambayo haina majibu ya kukariri, alikuwa anaizungushia skrubu.

Nilimwita zahanati. Nilichungulia masikio yake nikiomba nikute nta, kwa sababu nta naiweza: maji ya uvuguvugu, bomba, na mtu anarudi duniani. Yalikuwa safi. Tukampeleka hospitali ya Tosamaganga kwa landrova yetu, yeye ameshika dashibodi, mkewe nyuma na kapu la maandazi. Daktari alimpima, akatoka nje kunieleza mimi: ni kelele za miaka, injini zimemla masikio kidogo kidogo, na kilichokwenda hakirudi. Nikabaki na kazi ya kwenda kumwambia mtu ambaye hasikii. Nilikaa mbele yake, nikatikisa kichwa. Alielewa.

Tulikuwa tumeshapita Mafinga tukirudi. Ndipo akaongea kwa sauti kubwa, ile ya watu wasiojisikia: "Nitafunga. Fundi asiyesikia ni mwizi."

Nililia hadi tulipofika, na sioni haya kulisema. Muda mfupi baadaye nilihamishiwa Mbeya. Niliwaaga nikiamini kwamba gereji ile nimeiona mara ya mwisho.

Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya sabini, vipuri vimeadimika, petroli kwa foleni, ndipo shemeji yangu aliponunua gari dogo kuukuu kutoka kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa na tabo, gari dogo la petroli lenye tabo, na shemeji alilitangaza Mbeya nzima. Likikimbia lilikuwa zuri. Likisimama lilitetemeka hadi meno yakagongana, halafu linazima. Alikuwa ameshalipeleka kwa mafundi watatu wanne wa mjini, na wote walikuwa wameshika bisibisi.

Tulikuwa tunakwenda Iringa kwenye harusi. Tulipopita Makambako lilizima mbele ya basi, tukatukanwa vizuri. Nikamwambia tusimame Nyololo.

"Kwa yule kiziwi?" akauliza. "Si walisema amefunga?"

Sikujua. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani, na nilichoona kwanza ni mabati, kisha lori lililofunguliwa boneti, kisha watu wawili wamelala juu ya injini kichwa kwa kichwa.

Mmoja alikuwa Fundi, amezeeka. Mwingine alikuwa mkewe. Amejifunga khanga kiunoni, ile ncha ya mpira wa maji iko kwenye sikio lake yeye, macho kayafumba. Fundi alishika ncha ya pili na kuipitisha kwenye maungio, polepole, akimtazama mkewe usoni badala ya kuitazama injini. Ghafla mama akamfinya mkono. Fundi akarudi nyuma kidogo. Akamfinya tena, kwa nguvu zaidi. "Hapo," akasema Fundi, akanyoosha mkono kuchukua sabuni.

Waliponiona, walinikumbatia wote wawili kwa mpigo, na nguo yangu ya harusi ikaishia hapo.

Gari la shemeji liliachwa linanguruma. Fundi aliweka kiganja kwenye boneti akakaa hivyo kwa muda, kama mimi ninavyoweka mkono tumboni kwa mama mjamzito. Halafu wakaanza, mpira sikioni kwa mama. Mfinyo. Fundi akamwashiria shemeji akanyage mafuta, tabo ikaanza kupuliza, na mama akaruka na kuutoa mpira sikioni huku anacheka na kulisugua. Ulikuwa mpira mdogo wa upande wa chini, umepasuka mwishoni, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi akaukata sehemu iliyooza, akaurudisha, akaukaza kwa waya. Kisha akarudisha skrubu zote zilizozungushwa Mbeya, moja moja, mama akisikiliza na kumpa ishara kwa kidole: bado, bado, hapo.

Gari likatulia. Shemeji akalizima na kuliwasha tena, apate kuhakikisha.

Mama akaenda kuweka chai. Tukabaki mimi na Fundi kwenye benchi. Alimwangalia mkewe akisema na wateja, midomo yake ikicheza haraka haraka, mikono ikirushwa. Nami nilikuwa namsikia. Ile sauti ilikuwa imekwisha. Miaka ya kupayuka sikioni mwa mtu asiyesikia iliikwaruza, ikabaki ya ukavu, na hata dereva aliyekaa karibu naye alilazimika kumwuliza mara ya pili.

Fundi akanisogelea. Alidhani ananong'ona.

"Nesi. Huyu mama ananiambia sauti zote. Ya gari, ya mvua kwenye bati, hata wajukuu wakilia usiku ananifinya najua. Lakini ya kwake mwenyewe siwezi kumwuliza, atanidanganya. Wewe niambie ukweli. Bado iko vilevile?"

Kule kwenye birika mama alisimama na kikombe mkononi. Watu wote waligeuka, maana gereji nzima ilikuwa imesikia. Sikumtazama. Nilimtazama Fundi machoni, nikaitikia kwa kichwa, mara moja, polepole, ili asikosee.

"Nilijua," akasema. Akainamisha kichwa upande, akatabasamu kuelekea alikokuwa mkewe, akabaki anasikiliza.